Mkeka wa Mzazi: Elimu ya Kunyonyesha Kisiwani Pemba

Kisiwa cha Pemba kina sifa mbili zilizovuka bahari: karafuu zake na washairi wake. Majina ya Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, aliyetambulikana zaidi kwa lakabu ya Kamange, na ya Sarahani bin Matwar, yangali yakitajwa barazani kila yanapozungumzwa mashairi ya kujibizana, na mwaka 2011 tungo zao zilichapishwa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba. Wanaume hao walikuwa na bahati. Walitunga, wakasikilizwa, wakahifadhiwa vifuani mwa watu, na mwishowe wakapata kalamu ya kuwaandika. Lakini katika nyumba zile zile, nyuma ya pazia la chumba cha ndani, kulikuwa na elimu nyingine iliyosomeshwa usiku na mchana bila ya ubao wala wino. Mwalimu wake alikuwa mwanamke aliyekwisha kuzaa. Mwanafunzi wake, mwanamke aliyezaa jana. Somo lenyewe lilikuwa namna ya kumtia mtoto ziwani akanyonya, akashiba, akakua.

Elimu hiyo haikukusanywa na mtu. Wala si ajabu, kwani walioshika kalamu hawakuwa wakiingia chumba kile, na waliokuwamo chumbani hawakuwa na haja ya kuandika jambo walilolifanya kwa mikono. Hata hivyo, elimu isiyoandikwa huacha nyayo. Huziacha katika lugha, katika sheria, katika ada za harusi na katika kumbukumbu za wazee. Anayezifuata nyayo hizo huona kwamba jambo ambalo wataalamu wa afya wa leo huliita msaada wa mama kwa mama lina historia ndefu katika kisiwa hiki, na kwamba historia hiyo, kama historia yoyote ya watu, ina mazuri yake na makosa yake.

Na tuanze na lugha. Katika Kiswahili cha mwambao neno “mzazi” lina maana mbili. Mzazi ni baba au mama wa mtu, lakini mzazi pia ni mwanamke aliyejifungua karibuni, naye hubaki na jina hilo mpaka atimize arubaini yake. Katika siku hizo arobaini hana kazi nyingine ila moja. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hupewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa pweza, ambao wengi huamini kuwa unaleta maziwa. Kwa mimba ya kwanza, desturi ya wengi ni mwanamke kurejea kwao akajifungulie mikononi mwa mama yake. Mkekani pake huja mkunga, huja mama na shangazi, huja mawifi, huja majirani na mashoga waliozaa mwaka uliopita au mwaka juzi. Hao wa mwisho ndio wenye umuhimu wa pekee katika habari hii. Bibi ana hekima, lakini uchungu wake wa chuchu iliyochanika ameshausahau. Shoga aliyezaa mwaka jana bado anaukumbuka.

Lugha imehifadhi msamiati mzima wa chumba hicho. Maziwa ya mwanzo, mazito na ya rangi ya manjano, yana jina lake: dang'a. Kumwachisha mtoto ziwa kuna kitenzi chake: kulikiza. Mtoto aliyedhoofika kwa sababu wazazi wake, kama isemwavyo, wamevunja mwiko wa kipindi cha kunyonyesha, huambiwa kuwa amebemendwa. Waliochangia maziwa ya mwanamke mmoja ni ndugu wa kunyonya, wa ziwa moja. Nayo ada ya harusi haikumsahau mama: miongoni mwa vitu ambavyo bwana harusi alitakiwa kuvitoa kwa upande wa bibi harusi ni mkaja na ubeleko. Mkaja ni ule mshipi wa nguo uliofunga tumbo la mama baada ya uzazi. Ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto. Yaani siku mwana anapoondoka nyumbani, hadharani na mbele ya wazee wa pande mbili, mama hulipwa kwa ishara deni la siku zile za chumbani. Watu wasioithamini kazi hawaipangii malipo.

Sheria nayo ilikuwa na neno lake. Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 233, imewazungumzia akina mama wanaonyonyesha watoto wao miaka miwili kamili, kwa anayetaka kuutimiza muda huo. Wengi huikumbuka sehemu hiyo. Wachache huitaja sehemu inayofuata, ambayo inamwajibisha baba kumpatia mama huyo chakula na mavazi kwa wema. Aya hiyo basi haikumwachia mwanamke peke yake mzigo wa kunyonyesha; iliufanya ni jambo lenye wajibu wa pande mbili, lenye kushauriana na kuridhiana hata katika kulikiza. Na kila Mfungo Sita, maulidi yasomwapo misikitini na viwanjani, Wapemba husikia tena habari za Halima, mwanamke wa kabila la Banu Saad aliyemnyonyesha Mtume utotoni. Heshima aliyopewa mama huyo wa kunyonya ilitosha kuwafundisha watu kwamba ziwa hufunga udugu.

Udugu huo una matokeo yake kisheria. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pemba, mtoto aliyenyonya manyonyo matano kwa mwanamke mmoja kabla hajatimiza miaka miwili huwa mwana wa mwanamke yule kwa maziwa, na watoto wa mwanamke yule hawezi kuwaoa. Sasa azingatie msomaji uzito wa jambo hili katika kijiji ambacho majirani walipokezana watoto. Mama aliyepatwa na homa, mama aliyekwenda mazikoni, mama ambaye maziwa yake yalichelewa kushuka, wote waliweza kumpa jirani mtoto anyonye. Ilipasa kuwapo watu wa kukumbuka nani alimnyonyesha nani, mara ngapi na lini. Hapakuwa na daftari. Daftari lilikuwa vichwa vya wanawake.

Wala kumbukumbu hiyo haikuchukuliwa kuwa ni porojo za jikoni. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Uqba bin Al-Harith, ambaye alioa, kisha akatokea mwanamke mmoja akasema kwamba aliwanyonyesha yeye na mkewe. Uqba alisafiri hadi Madina kumuuliza Mtume, na ndoa ikaachwa. Wanazuoni wa Kishafi wakaja wakaeleza kwamba katika mambo ya kunyonyesha ushahidi wa wanawake wanne, pasi na mwanamume hata mmoja, unakubalika, kwa kuwa hayo ni mambo ambayo kwa kawaida wanaume hawayaoni. Kwa hiyo wanawake wale wa mkekani, ambao historia iliyoandikwa haikuwataja, walikuwa mashahidi ambao kauli yao ingeweza kuizuia ndoa hata baada ya posa kupokewa.

Hata hivyo, ingekuwa ni kuipamba historia kuliko ilivyo kusema kwamba kila ziwa lililotolewa lilitolewa kwa hiari. Karne ya 19 ilikuwa karne ya karafuu, na karafuu za Zanzibar zilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoyaangusha mashamba mengi ya Unguja na kuiacha Pemba bila ya madhara makubwa, kisiwa hiki ndicho kilichogeuka ghala kuu la zao hilo, na haja ya watumwa ikaongezeka. Katika nyumba za wenye uwezo, kazi ya kunyonyesha mara nyingine ilikabidhiwa mjakazi. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani na kuzitoa mwaka 1886. Miongoni mwa ayaelezayo ni malezi ya watoto wachanga wa jumbani na nafasi ya yaya na wanyonyeshaji wa kitumwa katika malezi hayo.

Hapo pana swali ambalo kumbukumbu za jumbani hazikuliuliza. Mwanamke yule aliyemnyonyesha mtoto wa bwana wake alikuwa na maziwa kwa sababu alikuwa amezaa. Je, mtoto wake mwenyewe alinyonya nini? Sheria ilimpa mama wa kunyonya heshima ya umama. Utumwa ulimnyang'anya saa zake, nguvu zake, na pengine zamu ya mwanawe. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja chini ya paa moja. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Wengi wa walioachwa huru walibaki katika mashamba yale yale, wakilima viraka vyao na kuchuma karafuu kwa ujira. Watoto wao na watoto wa mabwana wa zamani walikuwa wamekwisha kuchanganyika kwa damu na kwa maziwa, na kazi ya kukumbuka ikawa ngumu zaidi.

Msimu wa karafuu ndio uliowapa wanawake wa Pemba darasa lao la pili, baada ya lile la arubaini. Mchana karafuu huchumwa. Jioni huchambuliwa, vikonyo vikatengwa na karafuu zenyewe. Uchambuzi ni kazi ya kukaa kitako juu ya mkeka, mikono ikienda na midomo ikienda. Mama mwenye mtoto mchanga hukaa pamoja na wenziwe, mtoto yumo mapajani, ananyonya au amelala. Hapo ndipo mambo yanapoulizwa: mtoto halali, afanyweje? Ziwa moja limevimba na linawaka moto, likandwe kwa nini? Anacheua kila anachonyonya, je, ni ugonjwa? Na jawabu hutoka kwa aliyepatwa na jambo lile lile. Mtu huyo hana cheo wala kitabu; ana mtoto mzima anayekimbia uani, naye ndiye ushahidi wake.

Lakini elimu isiyo na kitabu hubeba na makosa bila ya mtu wa kuyasahihisha. Kosa la kwanza lilihusu dang'a. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, Pemba ikiwamo, wapo walioyaona maziwa yale ya manjano kuwa ni machafu, yamekaa sana kifuani, hayafai. Yakakamuliwa yakamwagwa, na mtoto akasubiri. Leo inajulikana kwamba dang'a ndiyo kinga ya kwanza apewayo mtoto, na kwamba kumweka ziwani katika saa ya mwanzo kunaokoa maisha. Kosa la pili lilihusu maji. Joto la mwambao ni kali, na bibi aliyemwona mjukuu wake analia mchana hakuweza kuamini kwamba kitoto kile hakina kiu. Akampa maji, akampa asali, mwezi wa pili au wa tatu akampa uji mwepesi. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Maji ya kisima, hata hivyo, hayajui mapenzi, na kuharisha kwa mtoto wa miezi miwili si jambo dogo.

Kosa la tatu lilikuwa zito zaidi kwa sababu lilikuwa hukumu. Mtoto alipodhoofika, tumbo likajaa na nywele zikabadilika rangi, ilisemwa kwamba amebemendwa: ama baba alitoka nje, ama wazazi walikutana kabla ya wakati, ama mama alishika mimba nyingine mapema. Ndani ya imani hiyo mlikuwa na hekima, kwani ilimkinga mama asizae haraka na ilimhifadhia mtoto ziwa lake. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa ambao wanawake wa huko waliuita kwa neno la Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo wake. Kiswahili huuita unyafuzi. Wanawake wa pwani ya magharibi ya Afrika na wa pwani ya mashariki, wasiojuana, waliona jambo moja: mtoto aliyeondolewa ziwani kabla ya wakati huangamia. Tofauti ni kwamba neno kubemenda lilitafuta mkosaji, na mkosaji aghalabu alikuwa mama. Mkeka ule ule uliomfariji mzazi uliweza kumshitaki.

Ni vyema haya yakasemwa wazi, kwa kuwa wapo wanaoyasifu ya kale kana kwamba hayakuwa na doa, na wapo wanaoyadharau kana kwamba hayakuwa na maana. Wakati Pemba ikiendelea na mkeka wake, nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuupoteza wa kwao. Katika karne ya 20 uzazi ulihamia hospitali, mtoto akawekwa chumba mbali na mama yake, na chupa ikaingia. Mwaka 1939, mbele ya wanachama wa klabu ya Rotary mjini Singapore, Cicely Williams yule yule alitoa hotuba aliyoiita kwa jina la kutisha, Maziwa na Mauaji, akiwalaumu waliokuwa wakiwashawishi mama maskini waache ziwa na kununua maziwa ya kopo. Mwaka 1956, karibu na Chicago, wanawake saba wa Marekani waliunda chama cha La Leche League ili mama wasaidiane kunyonyesha, kwa sababu hapakuwa tena na jirani wa kumwuliza. Walichokiunda kwa katiba na mikutano ndicho alichokuwa nacho mwanamke wa Pemba kwa kuzaliwa tu mahali alipozaliwa.

Kutoka huko mambo yakaenda haraka. Katika miaka ya 1960 Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa magonjwa ya watoto Makerere, aliona watoto wa Uganda wakidhoofika kwa maziwa ya unga yaliyozimuliwa kwa maji mengi, naye akawa miongoni mwa waliolaumu waziwazi biashara hiyo. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kilichoyashutumu makampuni ya maziwa, na mwaka 1977 ukaanza Marekani mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga, na nchi 3 hazikupiga upande wowote. Mwaka 1989 Shirika la Afya na UNICEF yakatoa hatua kumi za kunyonyesha kwa mafanikio. Hatua ya kumi ilitaka viundwe vikundi vya mama vya kusaidiana, na kila mzazi anayetoka hospitali aelekezwe kwao. Mwaka 2001 muda wa kumpa mtoto ziwa la mama pekee, bila ya maji wala uji, ukawekwa kuwa miezi sita.

Hivyo ndivyo mkeka ulivyorudi kwa mlango wa mbele, umekunjwa ndani ya waraka. Lakini je, unafanya kazi unapotandikwa na taasisi? Jawabu moja la kuaminika lilipatikana Uganda, katika wilaya ya Mbale, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011 pamoja na yale ya Burkina Faso na Afrika Kusini. Wanawake wa vijijini walifundishwa, kisha wakawatembelea mama wenzao majumbani angalau mara tano, ziara ya kwanza ikiwa kabla ya kujifungua. Mtoto alipofika wiki 12, waliokuwa wakinyonyesha ziwa pekee huko Mbale walikuwa asilimia 82 miongoni mwa waliotembelewa, na asilimia 44 miongoni mwa wasiotembelewa. Huko Afrika Kusini tofauti ilikuwa ndogo mno, asilimia 10 kwa 6. Na hata pale ambapo unyonyeshaji uliongezeka sana, utafiti haukuonesha kwamba kuharisha kulipungua. Mama mwenziwe aliweza kuubadili unyonyeshaji. Hakuweza peke yake kuyabadili maji ya kijiji wala biashara ya kopo.

Mwenye kuijua Pemba hatashangazwa na sehemu yoyote ya habari hiyo. Hapa karibu kila mama hunyonyesha, na wengi huendelea zaidi ya mwaka. Tatizo halikuwa kukosekana kwa ziwa, lilikuwa maji na uji vilivyoingia mapema. Katika Tanzania yote watoto wa chini ya miezi sita walionyonya ziwa pekee walikuwa asilimia 41 katika uchunguzi wa mwaka 2004/05, wakafika asilimia 64 mwaka 2022. Zanzibar, katika miaka hiyo ya 2000 na 2010, ilibaki nyuma ya wastani wa taifa. Ni kisiwa chenye mkeka mpana, lakini mkeka wenyewe ulikuwa ukifundisha pia kumpa mtoto maji. Ndiyo maana mhubiri wa nje hakufaa. Neno la kumwambia bibi asimpe mjukuu wake maji ni zito. Kulitamka kunataka mtu anayejua kumsalimu kwanza, kuvua viatu mlangoni, kukaa chini, kuulizia hali za wote, na kisha kusema kwa upole kwamba maziwa yana maji ya kutosha ndani yake.

Mtu huyo sasa anapatikana kwa jina jipya: mhudumu wa afya wa jamii wa kujitolea. Kuanzia mwaka 2019 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na washirika wake, ilianza kuueneza mpango wa Jamii ni Afya, ambao kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeenea katika wilaya zote za visiwa viwili, zikiwamo nne za Pemba: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Wahudumu zaidi ya 2,000 walipewa mafunzo na simu ya mkononi yenye programu ya kuwaongoza katika ziara zao kwa wajawazito, wazazi na watoto wadogo. Daftari lililokuwa kichwani mwa mwanamke limepata nakala yake ndani ya simu. Lakini simu haijui kumshika mtoto ikamgeuza tumbo lake lielekee tumbo la mama na mdomo wake ulifunike sehemu kubwa ya weusi wa chuchu. Hilo bado ni kazi ya mkono wa mtu.

Nao mkono huo una kazi nyingine. Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wanawake ndio waliokibeba, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa visiwa hivi. Mwani hufuata bamvua. Maji yakitoka, hata kama mtoto ana wiki saba, shamba liko pale na kamba zinangoja. Mkulima wa mwani hana mwajiri wa kumpa likizo ya uzazi. Hapo nasaha ya miezi sita hugeuka swali la saa nne au tano za kukaa baharini: mtoto abaki na nani, anyonye nini? Anayeweza hukamua maziwa akayaacha ndani ya kikombe safi. Asiyeweza humwachia bibi, na bibi ana maji na uji. Anayemlaumu mama huyo kwa kutofuata nasaha amerudia kosa la kubemenda kwa maneno mapya ya hospitali: ameona mtoto amedhoofika, akamtafuta mwanamke wa kumtwisha.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo hutajwa mno, na kwa kutajwa mno imekuwa kama mapambo ya hotuba. Ikichukuliwa kwa uzito wake, ni kauli ya hesabu: panatakiwa mkono wa pili, na mkono huo una mwenyewe, ana njaa, ana shughuli, ana watoto wake. Zamani mkono wa pili ulikuwa wa jirani ambaye kesho angehitaji kurejeshewa wema wake; mara nyingine, kwa aibu ya historia yetu, ulikuwa wa mjakazi ambaye hakurejeshewa chochote. Leo ni wa mhudumu wa kujitolea. Ikiwa kujitolea kwake kutageuka desturi ya kumtumikisha mwanamke bila ya malipo wala shukrani, basi tutakuwa tumemrudisha kwa jina la heri yule mnyonyeshaji wa karne ya 19. Waliotangulia walijua kwamba deni la ziwa hulipwa; ndiyo maana wakaweka mkaja na ubeleko mbele ya mahari, watu wakishuhudia.

Kimebaki kitu kimoja ambacho wapenzi wa lugha wanakiweza kuliko waganga. Kamange na Sarahani walipata wa kuwakusanya kabla vifua vilivyowahifadhi havijaingia kaburini. Wanawake waliofundishana juu ya mkeka wa mzazi hawajapata. Nyimbo zao za kubembeleza, majina waliyoyapa maradhi ya ziwa na dawa zake, visa vya nani alimnyonyesha nani katika kijiji gani, hadithi za watoto waliookolewa na za waliokufa, bado vimo vichwani mwa vikongwe wa Wingwi, wa Kojani, wa Kengeja. Kila msimu wa karafuu unapokuja, wanaorudi mkekani kuchambua ni wachache kuliko wa msimu uliopita. Kijana anayesoma Chake Chake, mwenye daftari na kalamu, hana safari ndefu ya kufanya. Bibi yake yupo ndani, mzazi yupo ukutani pake na mtoto wake wa siku tisa, na jirani amekwisha kuingia na bakuli la mchuzi wa pweza. Apige hodi, aombe ruhusa, na kama ni mwanamke, aingie akae akaandike. Kama ni mwanamume, ampe dada yake kalamu.